Aidani Hakuwa Analia

Johannesburg

Kaka Osmundi,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, na ndivyo Mama alivyotulea. Usidhani moyo wangu umetulia. Habari za Mbinga, habari za shule? Wifi anaendeleaje na mguu wake? Kahawa mmeshaanika au mvua bado inawasumbua? Mimi mwili ni mzima. Mengine nayasema sasa hivi, na naomba ukae chini uyasome mpaka mwisho, usifanye kama mlivyofanya na wimbo.

Jumapili Mama alinipigia simu kutoka Liuli. Hakuuliza habari ya baridi wala nimekula nini. Aliuliza, "Agatha, mwanangu alilia vile siku ngapi?" Nikamwuliza alilia vipi. Akasema, "Vile tulivyomsikia kwenye simu, siku ya msiba. Na wewe dada yake ulikuwa wapi, mbona hukumwitia daktari?" Kaka! Kumbe tangu mmzike Aidani, Mama analala na kuamka akiamini kitinda mimba wake alikufa akipiga mayowe ya maumivu, na mimi nimesimama pembeni namrekodi!

Ule ulikuwa wimbo. Niliutuma mpige msibani, kama wanavyopigiwa wanakwaya nyimbo zao wakifariki. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kimekwama ofisini kwao huku, jeneza likaondoka bila mimi, nikasema basi angalau sauti yake ifike. Mkaweka simu mezani kando ya picha yake, sauti ikatoka, akina mama wakaangua kilio, Shangazi Perpetua akaanguka, Baba Mdogo akainyakua simu, akazima, akafuta. Siwalaumu akina mama. Pank, muziki wetu huu wa magitaa na kupayuka, hawajawahi kuisikia, na jeneza liko mbele yao. Tena Aidani mle ndani anaita majina ya watu, na wengi wa watu hao wameshazikwa palepale Liuli. Kwetu mgonjwa akiita marehemu, kila mtu anajua wamemjia. Wangefikiri nini kingine?

Nakulaumu wewe. Wewe ulikuja huku Aidani alipoanza kuugua, ukasimama ukumbini na pamba masikioni, ukatuona jukwaani, mimi na gitaa la besi, Nomsa kwenye ngoma, Aidani na maiki mdomoni. Sauti ile uliijua. Neno moja tu lingetosha, "Anaimba." Ukanyamaza. Halafu ukasimama na karatasi ya wasifu wa marehemu, ukawasomea watu kwamba alikuwa fundi umeme, mpole, mcha Mungu, na kwamba aliteseka sana hadi umauti ulipomfika. Mpole! Aidani uliyemfukuza mwenyewe kwenye kwaya yako kwa sababu alikuwa anakizidi kinanda! Bendi yetu ya Usipa hukuitaja hata kwa bahati mbaya. Uliona afadhali watu wamlilie mgonjwa kuliko wajue kwamba mdogo wa mwalimu alikuwa mpayukaji. Nina hasira na wewe, Kaka, sijawahi kuwa na hasira namna hii. Aibu yako ndiyo inayomkosesha Mama usingizi.

Sikiliza albamu yenye wimbo ule ilivyorekodiwa. Figo zilikuwa zimeshagoma. Aliimba amekaa juu ya kreti la soda: wimbo mmoja, anapumzika, anameza maji kidogo kwa kipimo cha daktari, wimbo mwingine. Nilimwambia aache, tukagombana kama zamani tulipokuwa tunagombania kichwa cha samaki. Akasema, "Dada, nitanyamaza muda mrefu sana. Sasa hivi niache." Akaimba kuhusu wanaonunua kahawa ya watu ingali maua shambani, akaimba malori ya makaa ya mawe yanayotia vumbi kwenye uji wa watoto. Ndiyo, alikuwa anafoka. Alikuwa anawafokea wao, na alifurahia kila neno.

Ule mliouzima ndio wa mwisho. Aliutaka upigwe kwa mdundo wa mganda, ngoma yetu ya Liuli, vile marehemu Baba alivyoipiga ngoma kubwa, vijana wamevaa nyeupe, wamepanga mstari kama askari. Nomsa ni mtu wa huku, mganda hajauona. Aidani alimpigia kwa viganja mezani mpaka mikono ikavimba, mpaka akaupata. Na majina yale ni ya kundi la Baba. Anawaita mmoja mmoja waingie uwanjani, kama Baba alivyokuwa akiwaita.

Hakufa siku ile ya kurekodi. Alikufa baadaye, usingizini, ameshakunywa chai na kuilaumu kwamba haina sukari. Hayo nimemwambia Mama, hakuniamini, anadhani namfariji. Wewe atakuamini, maana ulimwona jukwaani kwa macho yako, na wewe ndiye uliyenyamaza. Kwa hiyo nampa barua hii mama mmoja wa Mbinga anayerudi nyumbani, pamoja na flashi. Shuka Liuli kabla ya ibada ya kuweka msalaba kaburini. Ichomeke kwenye redio ya Mama, keti naye, na usiguse kitufe chochote. Siku ya msalaba usome wasifu upya, na bendi iwemo.

Msalimie sana wifi na watoto. Shangazi Perpetua mpe pole, mwambie Aidani alikuwa kazini. Baba Mdogo usimpe salamu zangu, nitakuja nazo mwenyewe kibali kikitoka.

Ulikuwa mdogo, Kaka, ukicheza mkiani mwa mstari, na kila mara ulianza na mguu usiotakiwa. Mlizima kabla hajafika mkiani. Pale mwisho kabisa anaita, "Osmundi, ingia!" Halafu anacheka, anacheka mpaka Nomsa anaacha ngoma.

Mdogo wako,
Agatha, mpiga besi wa Usipa