Tawi la Kwanza la Heringi

Jumatatu, 27 Machi

Mama leo pia hajagusa chakula. Supu, hapana. Chai kaionja, kaisukuma. Daktari anasema ni uzee. Uzee gani huo wa kukataa hata mkate wenye siagi! Nikamuuliza, basi anataka nini? Akageukia ukuta. Mayai ya heringi, anasema, ya kwenye tawi. Na samaki wenyewe hawajaingia ghubani! Nimeosha vyombo huku nalia.

Jumanne, 28 Machi

Wameingia! Maji ya ghuba yetu hapa Sitka meupe kama tui kwa mbegu za madume. Mimi na binamu Melvin tumezamisha matawi ya mti wa hemloki ili samaki watagie humo. Kimyakimya — heringi wakitaga hakuna kupiga kelele. Melvin akaangusha nanga, kwaa! Nikamtukana kwa macho tu. Akacheka bila sauti mpaka boti ikayumba.

Gatini tukamkuta shangazi Pauline, dada yake marehemu baba. Anamuulizia wifi yake. Nikamweleza hali.

"Mwambie aache kudeka. Anilishe kwanza, ndiyo afe."

Kisha akajifuta macho, akasingizia upepo.

Jumatano, 29 Machi

Mama kalowesha midomo tu. Melvin anasema tusubiri, mayai yapandane, tawi linenepe. Kweli. Lakini mama anazidi kukonda. Naogopa. Naogopa sana.

Alhamisi, 30 Machi

Sikuweza kungoja. Nimevuta tawi moja. Nikalichovya kwenye maji ya moto, mafuta ya sili pembeni, nikampelekea kitandani. Akaligeuza, akaligeuza.

"Jembamba! Nani kakufundisha kuvuta mapema hivi? Haraka ya nini?"

Haraka ni wewe, mama, nikawaza. Nilivyofurahi kugombezwa!

Nikamsogezea uma. Akafunga mdomo.

"Pauline keshakula?"

Bado, mama.

"Tangu lini tawi la kwanza likaliwa nyumba hii kabla ya watu wa baba yako? Unataka nife na aibu?"

Mungu wangu! Nimesahau. Kila mwaka tunampelekea shangazi kwanza, na mimi nimesahau! Nikasema nakimbia sasa hivi, nikirudi utakula.

"Wewe? Na hiki kitawi? Atanisema mwezi mzima. Nampelekea mwenyewe, nimjibu mwenyewe."

Hajakanyaga sakafu tangu Krismasi. Nikamwambia, mama, utaanguka.

"Basi nidake."

Melvin yuko nje anapasha gari joto, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika hapa, nimekaa chini kando ya kitanda. Mama ameketi, tawi mapajani. Analinusa. Tumbo lake linaunguruma, nalisikia mpaka huku! Buti moja limeshaingia. Mguu wa pili ananinyooshea usoni, ananiuliza naandika nini mtu mzima mimi, wakati mayai yanapoa na Pauline —