Mkate wa Mpopi na Kesi ya Garrett

Mwaka umezunguka, Baba, tangu moyo wako usimame kwenye korido ya mahakama, mkoba ukiwa kwapani. Mama anasema ungependelea kufia nyumbani. Sisi wengine hatuna hakika.

Ulikuwa wakili wa watu waliokamatwa na vidonge vya kulevya mfukoni au unga kidogo kwenye gari, wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Wote uliwaeleza mambo yale yale, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda posta. Kesi inaweza kufutwa ukikubali kutibiwa. Mwendesha mashtaka anaweza kuisimamisha kabla hujajibu shtaka. Au unakiri, na jaji anaahirisha kukutia hatiani, anasubiri umalize matibabu. Au unaingia mahakama ya matibabu, unamwona jaji kila wiki. Njia zote hizo zina kikopo cha mkojo wa kupimwa. Ukimaliza hayo ulikuwa ukiongeza: "Na usile mbegu za mpopi. Mmea ndio huo huo wa afyuni, na kipimo hakijui mkate."

Uliendesha gari vibaya na ulipiga mluzi kanisani. Kwenye buti la gari hukukosa soksi kavu za kuwapa wateja waliotoka rumande wakati wa theluji. Hukuwahi kutuambia, tulizikuta.

Kisha akakamatwa Garrett, mwanao, na vidonge visivyo vyake. Hukuruhusiwa kumtetea. Alikiri, jaji akaahirisha kumtia hatiani, na wewe ukawa dereva wake. Kila asubuhi mlikwenda kliniki mkisikiliza redio.

Ukafika mkesha wa Krismasi. Mezani kwetu kila chakula lazima kionjwe na kila mtu, desturi hiyo marehemu bibi yetu alitoka nayo Slovakia, na anayeruka sahani anailetea nyumba mkosi. Garrett aliuruka mkate wa mpopi.

"Onja, bwana," ulimwambia, ukamkatia mwenyewe. "Bibi yako anatutazama."

Hakuna aliyeshtuka, hata Mama aliyeuoka. Kwetu ule ulikuwa mkate wa Krismasi tu.

Kipimo kikasema ametumia dawa za kulevya. Ulisimama mahakamani ukiwa mzazi, si wakili.

"Mheshimiwa, nilimkatia mimi."

"Bwana Hrivnak, si wewe unayewakataza wateja wako?"

"Ndiye mimi."

"Na yeye alikatazwa. Aanze matibabu upya."

Kwenye gari Garrett alisema amechoka. "Niache nitiwe hatiani, Baba. Nifungwe kidogo, yaishe."

"Kifungo kitaisha. Hatia utazeeka nayo. Kila utakapoomba kazi, itakutangulia mlangoni."

"Wewe ndiye uliyenilisha."

"Ndiyo. Nisamehe. Kesho saa moja uwe tayari."

Ulimpeleka mpaka Februari, ukafa. Tuseme ukweli, tulidhani na yeye atajiachia. Siku ya mazishi, watu wakiwa wanaelekea kwenye chakula, Garrett aliondoka bila kuaga. Dada yako Joyce alilisema waziwazi: "Huyu hana haya. Baba yake hajapoa kaburini, keshakimbilia kwa wenzake." Hakuna aliyembishia, hata Mama.

Jioni alirudi na suti yake ile ile. Asubuhi alikuwa ameitwa kupimwa, na asiyetokea anahesabiwa ametumia. Alikuwa amekwenda kliniki kwa miguu, kwa sababu aliona aibu kumwomba mtu lifti siku ya mazishi yako. Joyce alimpakulia chakula, akakaa karibu naye mpaka akamaliza.

Mwezi uliopita mwendesha mashtaka aliomba shtaka lifutwe, jaji akasaini. Lilichukua muda mfupi kuliko kuvua koti. Jaji akamwuliza Garrett kama ana la kusema.

"Baba angeshukuru, Mheshimiwa," alisema, "halafu angeomba kesi inayofuata iitwe."

Jaji aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaiita. Mama alilia mpaka tulipofika kwenye ngazi za nje. Tunakukosa, na siku hiyo tulikukosa zaidi.

Hatutakusahau, Andrew Hrivnak. Wanaokukumbuka ni mkeo Bernadette, binti yako Monica na mumewe, dada yako Joyce, na mwanao Garrett, ambaye hana kesi.