Jina Chini ya Bitana

Jumatatu, 8 Machi 1976
Leo hapa karakana ya makumbusho tumefumua bitana ya ile picha ya darizi, ya bustani. Chini yake, kwa uzi mwekundu: Margery Toll, 1654. Na kibao ukumbini kinasema Thomas Toll! Baba'ke. Bwana Lawrence, mkubwa wetu, alishatwambia Thomas alichora mistari tu kwenye kitambaa. Sindano aliishika binti — mafundo ya nyuma ni ya mkono mmoja, mwanzo hadi mwisho.
Hansa, mwenzangu wa meza, mzaliwa wa Mombasa, kacheka. Eti kakaa humo miaka mia tatu, haraka ya nini.

Jumatano, 10 Machi
Nimemweleza Bwana Lawrence. Kasema ni jambo la kupendeza sana. Kisha eti katalogi imeshachapwa, na Toll ni Toll.
Wakati wa chai nikapita ukumbini. Wanawake tele ukutani, wengine uchi wa mnyama. Wa kuchorwa hao. Aliyechora, hakuna hata mmoja! Kutazamwa ruhusa, kutajwa mwiko.

Ijumaa, 12 Machi
Nina hasira, na si kwa Lawrence peke yake. Leo nimemkumbuka marehemu Muhiddin, mume wangu. Unguja nzima ilisifu kofia yake ya viua, vile vitundu vya kudarizi. Watu wakamuuliza kaipata wapi, akajibu, "Nyumbani." Basi. Miezi minne ya macho na sindano yangu — nyumbani! Nami nyuma ya pazia nikafurahi. Mjinga mimi.

Jumatatu, 15 Machi
Bitana mpya imeletwa. Nishone mimi, kasema Lawrence, kwa kuwa mshono wangu hauonekani. Alidhani ananisifu.
Nikamwomba tuache kidirisha kidogo pale penye jina. Akakataa, kwa upole wake ule ule. Eti nyuma hapatazamwi na mtu, na picha inarudi ukutani keshokutwa.
Hansa akaninong'oneza, "Shona, Bi Zuwena. Kazi ikikutoka, huyo Margery atakulisha?"
Kweli. Kodi ya chumba hailipwi kwa hasira. Nikashona upande mmoja, wa pili, wa tatu. Vizuri, tena vizuri mno, mkono haujui kufanya vibaya. Upande wa nne ndio wenye jina.
Saa kumi na moja akaja kuuliza mbona sijamaliza. Nikamwambia uzi wa rangi ile umekwisha. Hansa akainamisha kichwa, akaendelea na kazi yake. Lawrence kasema hapana neno, kesho asubuhi atapita dukani mwenyewe.
Uzi wote ninao hapa, mkobani.