Mbao Haina Pindo

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, ila magoti yanalalamika mvua ikinyesha, na hayo umeyazoea. Natumaini nawe u mzima, na vidole vyako vyote viko mahali pake, maana kazi yako ya useremala naiombea dua kila asubuhi.

Shangazi yako ameandika. Anasema tangu macho yalipofifia nikafunga kazi ya cherehani nakaa bure, na mtu hawezi kuzeeka peke yake shambani. Anataka nihamie kwake mjini, ghorofa ya tatu, chumba kinachotazama ukuta wa jirani. Mwisho wa Aprili anakuja kunichukua. Unamjua dada yangu: tangu nizaliwe hajawahi kuniuliza jambo, yeye hunipa taarifa tu. Sitaki kwenda, mwanangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Nimemjibu kwamba nina kazi. Akauliza kazi gani, nikaandika: nafuga kuku. Sasa imebidi nifuge. Lile ghala la zamani, upande uliokuwa wa nyasi, nataka niugeuze banda. Niambie nianzie wapi.

Baba yako


11 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, vidole kumi kamili. Barua yako imenichekesha mpaka bosi akauliza kama nimepata mchumba.

Ghala linafaa, paa lake halivuji. Kwanza ziba matundu yote ya chini, kicheche hangoji kufunguliwa mlango. Kisha ligawe kwa ukuta wa mbao unaofika kifuani, juu yake weka wavu. Viota viinue kutoka sakafuni, na mti wa kulalia uwe juu kuliko viota, la sivyo kuku watalala viotani na kuchafua mayai. Nimekutumia magunia ya maranda ya kutandaza chini. Vipimo vyote viko kwenye mchoro. Vifuate kama vilivyo, na usipande ngazi peke yako.

Mwanao


23 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa kidole gumba, ambacho kimekutana na nyundo.

Nadhani mchoro wako una kasoro. Mlango haufungi, hauingii hata kwenye fremu yake. Viota vimegoma kukaa kwenye nafasi zake. Mti wa kulalia niliulazimisha, sasa umepinda, na kuku akiukalia atateleza hadi katikati. Na vipimo nilivifuata kama vilivyo, nikaongeza tu vidole viwili kila upande.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kidole.

Nilijiuliza siku nzima hivyo vidole viwili ni vya nini. Halafu nikakumbuka meza yako ya kukatia vitambaa. Baba, umeacha nafasi ya pindo. Mbao haina pindo. Haikunjwi, na hakuna mteja atakayenenepa urudi kuifumua uipanue. Kata penye mstari.

Usione haya. Mimi mpaka leo nashika misumari mdomoni kama ulivyokuwa unashika pini, na mafundi wenzangu wananicheka.

Mwanao


13 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka kwangu na kwa wenzangu tisa. Mlango unafunga. Nilikata penye mstari huku roho inaniuma, lakini unafunga. Nimenunua mitetea wanane waliokaribia kutaga na jogoo mmoja, nimemwita Hakimu kwa sababu kila alfajiri anafungua kikao.

Shida ikaja kwenye mayai. Walitaga kwenye mkokoteni mbovu, wakataga vichakani, na mmoja alitaga kwenye buti langu, nikalivaa. Viotani, hata moja. Nikaona shangazi yako akikuta mayai yanaokotwa porini atasema hii si kazi, ni bahati nasibu, na atanifungia mizigo.

Basi nikaketi kuwatazama. Mtetea anaingia kiotani, anageuka, anaona lile lango kubwa la ghala liko wazi mbele yake, anatoka kwa hasira, sawasawa na mteja aliyekuta chumba cha kujaribia nguo hakina pazia. Hapo nikaelewa. Nikafunua cherehani. Kutunga uzi kulinilia asubuhi nzima, kushona hakukuchukua muda. Kitambaa kizito nilichokuwa nacho ni cha lile gauni la maua mekundu, ambalo shangazi yako aliniagiza kisha akalikataa akisema lina kelele. Nimelifumua. Kila kiota sasa kina pazia lake, lenye pindo.

Kesho yake nilikuta mayai manne. Nilicheka peke yangu mle ghalani mpaka Hakimu akaniangalia vibaya.

Baba yako


20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pazia! Nimewasomea mafundi wenzangu barua yako, wanakuita bingwa.

Ila, baba, shangazi hasahau kitu. Akiona kuku wamevalishwa gauni lake, utalala ghorofa ya tatu siku hiyohiyo. Nakuomba ugeuze kitambaa, maua yatazame ndani.

Mwanao


12 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwisho wa Aprili umepita, shangazi lazima ameshafika, na mimi sijapata hata neno. Kama uko mjini, niambie, nije kukutoa mwenyewe. Nikija nyumbani nataka nikukute wewe mlangoni, si kufuli. Nina wasiwasi.

Mwanao


17 Mei

Mwanangu mpenzi,

Tulia, niko nyumbani. Nisamehe kwa kimya, huku hatupati nafasi.

Shangazi yako alifika na sanduku tupu la kutilia nguo zangu. Nikampeleka ghalani. Maua sikuyageuza, kuku walikuwa wameshayazoea. Aliinama, akashika pindo la pazia moja, akasema, "Hili ni gauni langu."

"Lilikuwa," nikamwambia. "Ulisema lina kelele."

"Siku hizo nilikuwa naogopa kutazamwa."

Akapitisha mkono nyuma ya pazia, na mtetea hakukimbia. Akatoa yai, bado lina joto. Akageuza ndoo, akaikalia, akaniambia kwamba kule kwake anayegonga mlango ni msoma mita za umeme tu. Sikujua, mwanangu. Miaka yote hiyo nilidhani dada yangu hahitaji mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini safari hii aliyepona ni mgeni.

Sasa anaamka kabla yangu, anagombana na Hakimu, na sanduku lake tunatilia mahindi. Amenipa taarifa kwamba ile nusu ya ghala iliyobaki inatosha chumba cha mtu mmoja, chenye dirisha la kutazama kuku. Mchoro ulete mwenyewe, na msumeno wako. Kuta utakata wewe, penye mstari. Ila kitanda chake nitapima mimi, na naomba uniachie vidole viwili kila upande. Anasema anapenda kujigeuza.

Baba yako,
na shangazi yako, ambaye anasema usichelewe