Majibu Yangu Yalifika Kanisani Kabla Yangu

Jumanne. Kitengela leo kuna baridi na vumbi kwa pamoja, na mimi simwamini mtu yeyote.

Wiki mbili zilizopita nilipimwa uvimbe kwenye titi, katika kliniki moja hapa mjini. Walikata kipande, wakakipeleka maabara. Ijumaa nilipoenda kuchukua majibu, msichana wa mapokezi alitazama kompyuta, kisha akatazama dirisha. Daktari hayupo, akasema, nirudi Jumatano. Nikarudi nyumbani na roho juu. Aliyejua habari hizi ni mume wangu Barasa peke yake.

Jumapili, mke wa pasta alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nikajiambia labda ni upendo.

Halafu jana jioni akina mama wa kanisa wakaja, na unga, sukari, majani chai na mafuta ya kupikia. Hapa kwetu watu hawaji na unga hivi hivi. Wanakuja umejifungua, umefiwa, au unaumwa kwelikweli.

Sijajifungua. Sijafiwa.

Mama Wanjiru akaanza kuomba: "Baba, huyu mama ako na watoto wadogo. Kausha hiyo kitu iko kwa kifua yake."

Kwa kifua! Nilifungua macho katikati ya maombi, nikawatazama mmoja mmoja. Nani amewaambia? Yule binti wa maabara anayeimba kwaya? Nilimchukia papo hapo, huku nikiitikia amina.

Walipoondoka nilimgeukia Barasa, ambaye tangu Alhamisi anaosha vyombo bila kuombwa.

"Wa kliniki walinipigia mimi," akasema. "Daktari alisema wewe utashtuka, nikuambie pole pole. Nikashindwa. Nikaambia pasta tu, atuombee."

Tu!

Binti wa kwaya, nisamehe.

Barasa alifungua mdomo aniambie yaliyobaki, nikamzuia. Nina hasira naye, na pia namhurumia, maana amekonda. Lakini hao wa kliniki siwaelewi. Titi ni langu. Simu yangu ilikuwa imewashwa. Nani aliwaambia mwenye mwili ndiye wa mwisho kuambiwa?

Kesho nitakaa mbele ya huyo daktari, aniambie mimi, kwa mdomo wake.

Naogopa majibu, sitajidanganya. Ila naogopa zaidi kwamba nitakapoanza kulia, wenzangu wote watakuwa wameshamaliza.