Posa ya Mwenye Nikabu

Kiongoroni,
3 Agosti 2024

Kwa mdogo wangu Mshamu,

Assalaam alaykum. Baba hajambo, mama kikohozi kimepungua. Mimi mzima wa mwili tu, roho inawaka moto, na aliyeiwasha ni wewe.

Jumatano boti ilishusha kina mama watatu wa Ruaruke, mbele yao Bi Sihaba, na barua ya posa. Wananitaka nikaolewe na mwanawe Mudathiri. Eti waliniona kwenye ngoma ya kumtoa mwali, nikipiga kinanda na kuimba. Wanasema wenzangu wote walivua baibui wakacheza, mimi peke yangu nikakaa na nikabu mwanzo mpaka mwisho.

“Hata kwa wanawake wenzie hakufunua uso,” Bi Sihaba alimwambia baba. “Mke ndiye huyo.”

Ruaruke sijakanyaga tangu nizaliwe. Kinanda sijui hata kinawashiwa wapi. Lakini kikundi kilikuwa cha Mwamvua, unakopigia wewe, na baibui langu la nakshi uliondoka nalo ukisema unalipeleka kwa fundi. Fundi gani, Mshamu?

Mama yake Twalha alikuwa uani akisikia yote. Alasiri ileile akaja kudai barua yao ya uchumba, akasema hawaoi mwanamke wa kuzurura na ngoma. Miaka miwili nimemngoja Twalha amalize nyumba, na bati keshaezeka.

Panda boti uje useme ukweli mbele ya wazee.

Dada yako,
Mwanamina


Kibiti,
10 Agosti 2024

Dada yangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Niko salama, ila tangu nisome barua yako chakula hakipiti. Baba na mama wasalimie sana.

Ni mimi, dada. Mpiga kinanda wetu wa kike alishikwa na uchungu wa kuzaa asubuhi ya ngoma, na wenye shughuli walitaka wanawake peke yao. Mwamvua akasema shughuli haivunjiki, akanivalisha baibui lako, lilikuwa bado halijafika kwa fundi. Nikabu ningeivuaje na ndevu hizi? Nikaimba kwa sauti ya puani, wakanitunza. Walipouliza jina, lililonijia mdomoni ni lako. Macho sikuyatoa kwenye kinanda, wallahi.

Kuja siwezi. Kina mama wa Ruaruke wakijua mwanamume alikaa ndani ya ngoma ya mwali, sina pa kuuweka uso wangu. Nakutumia doti ya khanga. Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Mshamu


Kiongoroni,
14 Agosti 2024

Mshamu,

Salamu. Afya yako siiulizi.

Khanga zako zinarudi kwa boti hiihii. Wewe huna pa kuweka uso, mimi wangu nimeuweka wapi? Nikienda kisimani wananiambia niwaimbie. Mchimba kisima huingia mwenyewe, mdogo wangu, lakini wewe umenitumbukiza mimi.

Ijumaa ya tarehe 23 Bi Sihaba anakuja kuchukua jibu, na baba keshaanza kulainika. Nitakungoja gatini.

Dada yako


Kiongoroni,
25 Agosti 2024

Mshamu,

Salaam alaykum. Wazee hawajambo, ila baba hataki jina lako litajwe wakati anakula.

Boti ilifika Ijumaa, hukuwemo. Nilisimama gatini mpaka abiria wa mwisho ameshuka. Nikarudi nyumbani, nikachukua barua yako, nikampa baba aisome mbele ya wageni wote, na mama yake Twalha nikamwita. Baba alipofika kwenye ndevu sauti ikamkatika, Bi Sihaba akamwomba arudie.

“Kwa hiyo mwanangu nilikuwa namposea dume,” akasema, akajifunika ushungi. Sikujua analia au anacheka. Mama yake Twalha alicheka mpaka akashikilia nguzo. Mimi sikucheka.

Unatakiwa Ruaruke ukawaombe radhi kina mama, uso wazi. Mwamvua naye wanamtaka.

Jana Twalha kaja na barua ileile ya uchumba aliyoichukua mama yake, imekunjika. Anasema yeye hakuamini tangu mwanzo. Nikamuuliza, mbona wiki tatu hukuja kuniambia? Akaikunjua barua, akaninyooshea.

Barua nimeipokea, maana nampenda, siwezi kusema uongo. Nikamwambia angoje hasira ziniishe ndipo tupange siku. Leo asubuhi kamtuma dada yake kuuliza kama zimeisha.

Hazijaisha.

Dada yako,
Mwanamina