Kisanduku Ulichomtia Mama Yangu

Mpendwa mjukuu wangu Zuwena,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi, na kama umevaa vile viatu vya wazi, vivue sasa hivi, vaa soksi, kisha ndiyo usome. Mie mzima. Goti linanisumbua, lakini si goti lililonikalisha niandike. Mwenye kushika kalamu ni dada yako Thuraya. Mie nnasema tu, maana wajua bibi yako skuli hakuiona hata mlango. Nimemwambia aandike kama nnavyosema, asinitengenezee. Na barua hii haifungwi. Insha yako ya kuombea chuo ilibandikwa ubaoni skuli wakaisoma watu wasionijua, basi na jawabu yangu anayetaka na aisome.

Miezi mitatu sijasema nawe. Mara ya mwisho ulipopiga simu uliniuliza, "Bibi, nibaki au nirudi?" Nikampa baba yako simu nikaenda zangu jikoni. Jikoni sikuwa na kazi. Nilisimama tu nikitazama bomba la maji. Sikukujibu kwa sababu jawabu sikuwa nalo, na hata leo sina hakika kama nnalo. Lakini najua ulivyonifahamu. Umedhani bibi amekasirika kwa sababu umetoa siri ya nyumba. Kukasirika nilikasirika, sitokudanganya. Ila si kwa hilo tu.

Waikumbuka siku ya ile fomu? Alasiri, hapa hapa Al Khoudh, mie nimekaa chini na sinia nachambua mchele, ukaja na makaratasi yako ukajitupa kwenye zulia. Chuo kikubwa, ukasema, katika watu mia wanaoomba hawachukui hata kumi. Na kwa vile ulizaliwa huko baba yako alipokuwa akisoma, na pasi yao unayo, ilibidi ujibu kama wanavyojibu watoto wa kwao. Kulikuwa na swali moja limekushinda. Swali la hesabu hulikushinda, la Kiingereza hulikushinda, likakushinda la kusema wewe ni mtu gani.

Ukanisomea visanduku kimoja kimoja. Mweusi. Mweupe. Mtu wa Asia. Wenyeji wa asili wa nchi yao. Nikakuuliza, "Mzanzibari hayumo?" Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta.

Nikakwambia tia Mwarabu, mtoto hufuata baba. Nikakuhesabia mababu saba, wangu na wa babu yako ni hao hao, kama nilivyokuhesabia tangu unanyonya. Ukanambia Mwarabu hana kisanduku chake, wamemtia pamoja na wazungu. Nikavuta mkono wa nguo yangu nikakunyooshea mkono, mweusi kama ulivyo, nikakwambia hao waliotunga fomu hawajaniona mie. Tukacheka tena. Halafu ukauliza polepole:

"Mababu wote umenitajia, Bibi. Na mama yako alikuwa nani?"

Mwanangu, nimezaa watoto wanne na hapana hata mmoja aliyewahi kuniuliza hilo. Nikauwacha mchele. Nikakwambia mama wa mama yangu aliletwa Unguja mtoto mdogo, kwa kununuliwa, na kwao hakupajua tena. Mama yangu akazaliwa kwenye shamba la babu yangu mzaa baba. Baba yangu akamuoa kwa nikaha na mashahidi wawili, na ndugu zake wakakaa mwaka mzima hawampi salamu. Nikakwambia kwenye harusi za kwetu mama, mke wa halali wa mtu, alikuwa akila jikoni. Ulilia. Mie sikulia, niliyalia zamani.

Sikujua kama maneno yale yanakwenda kwenye karatasi. Nilidhani nampa mjukuu wangu hadithi ya mama yangu, mie na yeye, baina yetu na mchele.

Barua ya kukukubali ilipokuja baba yako aliisoma mara tatu kwa sauti. Tukapeleka halwa kwa majirani wote, hata kwa wale tusiozungumza nao. Hapana aliyeuliza ulitia alama kisanduku gani. Mie sikuuliza pia, na nilikuwa najua kuna swali.

Kisha skuli yenu ikafanya sherehe ya wanaomaliza, mwalimu wako kwa furaha akaibandika insha yako ubaoni na picha yako juu yake. Na mama wa kijana aliyemposa Thuraya, wale wa Al Amerat, ana binti pale pale. Akaisoma. Akamwita mwenziwe amsomee tena, labda hakufahamu. Wiki haijatimia wakatuletea bibi mmoja wa makamo, mwenye adabu zake. Akanywa kahawa vikombe vitatu, akakitikisa kikombe kuwa basi imetosha, akasema kijana bado hajajiweka tayari. Neno nasaba hakulitamka. Hakuhitaji. Alilitikisa pamoja na kikombe.

Thuraya hapa ameiweka kalamu. Nimemwambia achukue, hatujamaliza.

Siku ile baba yako alirudi mapema kutoka ofisini Al Khuwair. Akakaa kitandani kwangu, jambo asilolifanya tangu mdogo, akasema, "Mama, kwa nini ulimwambia? Tumeificha miaka yote hii." Kwa upole, Zuwena. Angenifokea ningejua la kumjibu. Miaka yote hiyo mie nilidhani nnaificha peke yangu. Kumbe mwanangu naye alikuwa ameshika upande wa pili wa shuka.

Ndiyo maana siku ya safari yako sikutoka chumbani. Uligonga. Nilikiona kivuli cha miguu yako chini ya mlango, kimesimama. Nikasema nnasali. Sikuwa nnasali, nilikuwa nimekaa. Hilo nakuomba unisamehe, na Mungu nimemuomba mbali.

Halafu ukaanza kupiga simu na habari zako, na kila simu mie nazidi kuchanganyikiwa. Ukanambia habari za mwenzio wa chumbani, Denise, mweusi wa huko huko, mababu zake walipelekwa kwa minyororo. Mlipendana wiki za mwanzo. Siku moja akaona picha ya nyumba yetu, bustani, magari ya baba yako, na yule msichana wa kazi amesimama nyuma na trei ya chai. Akakwambia, "Nafasi hii iliwekwa kwa ajili ya watu kama mama yangu. Si nyinyi." Na darasani kijana mmoja mweupe akakwambia umeingia kwa ngozi, si kwa akili. Ukalia kwenye simu: huyu anasema si mweusi wa kutosha, huyu anasema weusi wangu ndio cheti changu. Na hapa nyumbani wanasema umewaharibia. Mtoto mmoja, kesi tatu, na mahakimu wote hawakujui.

Sasa nikwambie nililokuwa silisemi, ndipo ujue kwa nini nilikwenda kusimama jikoni.

Tulipokuja huku Uarabuni kutoka Zanzibar hatukupokewa kwa kuwa tumelia vizuri. Tulitakiwa tujulishe kabila letu, na sheikh wa kabila atushuhudie kuwa sisi ni wa kwao, ndiyo tupate pasi. Nikapelekwa mbele ya mzee mmoja wa kabila, ana wasiwasi na mie kwa hii rangi yangu. Nikamtajia mababu saba, sikukosea hata mmoja. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, na mama? Nikasema, "Binti ami yake baba yangu." Yaani Mwarabu wa ukoo huo huo. Hivyo hivyo, mdomo haukutetereka. Nilikuwa na watoto wanne wadogo na begi moja. Akaandika.

Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke wa Unguja kama mie, rangi yangu, Kiswahili chetu. Tulikaa pamoja tangu asubuhi, alinigawia maji yake. Alipoulizwa mababu akataja wawili akasita. Hakusema uongo. Akaambiwa arudi siku nyengine. Mie nikatoka na karatasi yangu mkononi, nikampita, sikumtazama machoni. Jina lake sikuuliza na mwisho wake siujui. Labda alirudi akafanikiwa. Labda hakurudi.

Basi nambie wewe uliyesoma, maana mie nimeshindwa. Mie niliingia mlango wangu kwa kumficha mama. Wewe umeingia wako kwa kumtoa hadharani. Mama ni yule yule. Mie nilisema uongo, nyumba nzima ikanishukuru. Wewe umesema kweli, nyumba nzima imenuna. Na bado kweli yako ina kitu kinanikwaruza.

Maana wamesema kisanduku kile cha Mweusi ulichokitia alama ni kwa ajili ya walioonewa. Vizuri. Bibi yake mama yako mzaa… ngoja, nijipange: mama wa mama yangu alionewa, hilo halina ubishi. Lakini alionewa na nani? Aliyemnunua ni babu yangu mimi, katika wale saba ninaowahesabu kwa fahari. Sisi ndio tulionunua na sisi ndio tulionunuliwa, damu moja inakwenda na kurudi. Sasa Denise akidai haki yake, huenda kwetu pia ana la kudai. Na hata hivyo wewe ni kilembwe wa mtumwa, si uongo. Na hata hivyo baba yako ana magari. Nalizungusha jambo hili kama sinia la mchele, kila nikilitikisa chuya zinahama upande, haziishi.

Nilipofika hapo ndipo nikamwambia Thuraya anisomee ile insha kwa Kiswahili, neno kwa neno, asiniruke. Akasoma. Alipomaliza nikamuuliza, "Huyu ni nani?"

Zuwena, mwanamke yule wa insha analia mwanzo mpaka mwisho. Mgongo umepinda, anasugua sakafu, anatazama chini. Mama yangu hakutazama chini hata kaburini naona. Alikuwa akimtukana mtu robo saa bila ya kurudia neno. Alikuwa akicheza bao na wanaume akiwafunga, kisha akiwauliza kama wake zao wanajua. Alipokuwa akipewa chakula jikoni kwenye zile harusi, alikuwa akichagua nyama nzuri zote, akienda chumba cha mabibi wakubwa akiwauliza mbona pilau yenu haina nyama. Hayo nayo nilikwambia siku ile, ukacheka. Hayo hukuyaandika.

Kwa hilo ndiyo nimekasirika. Umemdogosha mama yangu ili apite kwenye mlango wao. Nnajua kwa nini. Mlango ule ulikuwa unataka mwenye kulia. Wangu ulikuwa unataka asiyekuwepo kabisa, na mie nikamfuta. Kwa hivyo sina uso wa kukugombeza, lakini nakugombeza, kwa sababu mie ni bibi yako na hakuna mwengine aliyebaki duniani wa kumtetea yule mwanamke.

Sasa swali lako. Kama nafasi ile ni haki yako, sijui. Wallahi sijui. Nimeuliza watu wenye elimu hapa, mmoja akasema ndiyo, mmoja akasema la, wote wawili wamenywa chai yangu. Ninalolijua ni hili: ukirudi, kiti kile hapewi mama yake Denise. Kitabaki kitupu na wewe utakuwa hapa unanitazama mie. Kwa hivyo kaa, usome. Lakini usikae kama mtu aliyeiba akijificha, wala kama mtu aliyedhulumiwa akidai. Kaa na mwenzio Denise umwambie yote, na upande wa walionunua pia. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki yake. Usiinuke kitini. Mie niliinuka siku ile nikampita mtu aliyenigawia maji, na mpaka leo sijafika nilikokuwa nakwenda.

Nimemuuliza Thuraya kama ana lake la kutia. Amesema, "Mwambie sijamsamehe bado. Na mwambie apige simu Ijumaa, aanze na mimi." Nimeandika kama alivyosema, yaani ameandika mwenyewe.

Baba yako barua hii ataiona, amejua, amekaa sebuleni anajifanya anatazama habari. Jumamosi wanawake wa kwetu wana mkusanyiko, nimemwambia Thuraya ataisoma pale, mie nimekaa pembeni yake. Atakayeinuka na ainuke.

Limebaki jambo moja. Katika insha umemwita "mama wa bibi yangu", "mama wa bibi yangu", mwanzo mpaka mwisho. Si kosa lako. Mie sikukutajia jina. Mababu saba nimekutajia kila siku ya maisha yako, yeye hata mara moja. Aliitwa Zafarani. Binti wa nani hatujui; waliandika binti Abdalla, kama walivyoandikwa wote ambao baba zao hawakuulizwa. Lishike hilo jina. Ukimsimulia mtu habari zake, anza nalo, kisha mwambie alikuwa na mdomo mchafu na bao alikuwa hafungiki.

Jifunike usiku. Nakupenda hata ninapokununia, na hasa ninapokununia.

Bibi yako,
mtoto wa Zafarani